Sega Lililo Chini ya Gari: Linavyofanya Kazi na Linavyokufa

Tuchukue mfano wa mwalimu mmoja mwenye gari dogo la petroli lililotengenezwa Japani katikati ya miaka ya 1990. Gari hilo limemtumikia vizuri kwa muda mrefu, lakini katika miezi ya karibuni limeanza kuchoka. Kwenye barabara ya tambarare linakwenda, ingawa kwa uzito. Likifika mlima wa Kitonga, katika barabara itokayo Morogoro kwenda Iringa, linatambaa kana kwamba breki zimeshika, hata mwalimu akikanyaga mafuta hadi mwisho. Akisimama kando ya njia, anahisi joto kali likipanda kutoka chini ya sakafu.

Fundi wa gereji analiinua gari kwa jeki, analitazama, kisha anatoa hukumu: "Mwalimu, sega limeziba. Tulikate, tuunge bomba tupu, gari litakimbia kama jipya. Na hilo sega bovu nitalinunua mimi mwenyewe."

Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini pia una makosa mawili. Ukweli ni kwamba gari litapata nguvu. Kosa la kwanza ni kwamba sega lililoziba ni dalili tu, na ugonjwa uliolifikisha hapo bado umo katika injini. Kosa la pili ni kwamba gharama ya kulikata sega hailipwi na mwenye gari, bali na watu wanaovuta moshi wake. Makala hii inakusudia kueleza sega ni kitu gani, linakufaje, na mwenye gari kuukuu afanye nini anapoambiwa kwamba limekufa.

MOSHI WA PETROLI UNA NINI?

Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, yaani kampaundi za haidrojeni na kaboni. Kama ingeungua kikamilifu, tungepata vitu viwili tu: maji na kaboni dioksidi. Ili iungue hivyo, kila kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa.

Lakini ndani ya silinda hakuna nafasi ya ukamilifu. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, pistoni husukumwa chini kwa muda wa sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika muda huo mfupi baadhi ya kaboni hupata oksijeni pungufu na kuwa kaboni monoksidi. Sehemu nyingine ya petroli haiungui kabisa, nayo hutoka ikiwa bado haidrokaboni. Isitoshe, joto la silinda ni kali kiasi cha kuilazimisha nitrojeni ya hewa, ambayo kwa kawaida ni gesi tulivu, iungane na oksijeni na kufanya oksidi za nitrojeni.

Gesi hizi tatu ndizo adui wetu. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Kwa hiyo mtu anaweza kukosa hewa huku akiendelea kupumua. Oksidi za nitrojeni huwasha mapafu. Nazo zikikutana na haidrokaboni chini ya jua kali, hufanya ozoni karibu na ardhi, ambayo huumiza macho na kifua. Jambo hilo la mwisho lilibainishwa na mwanakemia Arie Haagen-Smit katika miaka ya 1950, alipochunguza ukungu mchafu wa mji wa Los Angeles nchini Marekani.

KICHOCHEO NA KAZI YAKE

Kila mwanafunzi wa kemia hufundishwa kwamba kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kutumika na kuisha. Mhandisi Eugene Houdry, Mfaransa aliyehamia Marekani, alikuwa bingwa wa kutumia vichocheo katika kusafisha mafuta. Habari za hewa ya Los Angeles zilimfanya aufikirie upande wa pili wa injini, yaani moshi wake, na mwaka 1956 alipewa hataza ya chombo cha kusafishia moshi wa magari kwa kichocheo.

Hata hivyo chombo hicho hakikuenea wakati huo, kwa sababu petroli ya siku zile ilitiwa kampaundi ya risasi ili injini isigonge. Risasi ilijipaka juu ya kichocheo na kukizima. Ilipotungwa sheria kali ya hewa safi nchini Marekani mwaka 1970, ilibidi mambo mawili yaende pamoja, yaani vichocheo katika magari na petroli isiyo na risasi katika vituo vya mafuta. Magari ya modeli ya mwaka 1975 ndiyo yaliyoanza kutoka viwandani kwa wingi yakiwa na vichocheo, na mdomo wa tangi lake ulifanywa mwembamba ili mpira wa petroli yenye risasi usiweze kuingia.

Ukilipasua sega, utaona ndani ya ganda la chuma donge la kauri lenye vijitundu vinavyonyooka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mfano wa sega la nyuki. Jina walilolipa mafundi wetu limelingana kabisa na umbo lake. Donge la kawaida lina vijitundu 62 hivi katika kila sentimeta ya mraba. Kuta za vijitundu zimepakwa aluminiamu oksidi yenye vinyweleo, na juu yake zimetawanywa chembe ndogo mno za platinamu, paladiamu na rodiamu. Gramu 1 ya oksidi hiyo ina uso wa takriban mita za mraba 100. Kwa hiyo gramu 100 tu zina uso wa mita za mraba 10,000, ambao ni mkubwa kuliko uwanja wa mpira wa miguu! Ndiyo maana gramu chache za metali hizo ghali zinatosha kwa gari zima.

Moshi unapopita juu ya uso huo, hutokea mimenyuko kama hii:

2CO + O2 → 2CO2

2NO + 2CO → N2 + 2CO2

Haidrokaboni nazo huungana na oksijeni na kuwa maji na kaboni dioksidi. Msomaji ataona kwamba mmenyuko wa kwanza unahitaji oksijeni, ilhali wa pili unainyang'anya nitrojeni oksijeni yake. Ili yote mawili yawezekane katika chombo kimoja, uwiano wa hewa na petroli hauna budi kukaa karibu sana na ule wa 14.7 kwa 1. Kazi ya kuulinda uwiano huo ni ya sensa ya oksijeni, iliyopachikwa katika bomba la moshi kabla ya sega. Sensa hupeleka habari kwa kompyuta ya injini, nayo kompyuta huongeza au hupunguza petroli. Kampuni ya Volvo ilitumia mpango huu katika magari ya modeli ya mwaka 1977 yaliyouzwa California, na baadaye ukawa wa kawaida duniani.

Sega zima, likiwa na injini nzima, huondoa zaidi ya asilimia 90 ya gesi hizo tatu. Lakini lina mipaka yake. Halifanyi kazi mpaka lipate joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, kwa hiyo dakika za kwanza baada ya kuwasha gari ndizo chafu kuliko zote. Wala halipunguzi kaboni dioksidi.

SEGA HALIFI LENYEWE

Tumesema kwamba kichocheo hakiishi. Kwa nini basi sega hufa? Jibu ni kwamba sega huuawa, na aghalabu huuawa na injini iliyo mbele yake. Vifo vyake ni vya namna tatu.

Kifo cha kwanza ni cha moto. Plagi moja isipotoa cheche, petroli ya silinda hiyo hutoka mbichi, huingia ndani ya sega na kuungulia humo. Joto hupanda kupita kiasi, chembe za metali hugandamana na kupoteza uso wake, na hatimaye kauri yenyewe huyeyuka na kuziba njia. Desturi mbili zilizozoeleka kwetu huchangia kifo hiki. Ya kwanza ni kuliwasha gari kwa kulisukuma mara nyingi. Ya pili ni kuchomoa waya za plagi injini ikiwa inanguruma ili kujua silinda iliyokufa, na kuziacha hivyo kwa muda. Katika magari ya zamani yasiyo na sega desturi hizo hazikudhuru sana bomba la moshi. Katika gari lenye sega zina hasara.

Kifo cha pili ni cha sumu. Injini inayokula oili hupeleka fosforasi na zinki katika sega, nazo huufunika uso wa kichocheo. Maji ya rejeta yanayovuja kupitia gasketi iliyoungua hufanya vivyo hivyo kwa dawa zilizomo ndani yake. Risasi ilikuwa sumu mbaya kuliko zote. Magari mengi yaliyoletwa Afrika Mashariki kutoka Japani kabla ya mwaka 2006 yalikuja na masega mazima, kisha yakajazwa petroli yenye risasi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliazimia mjini Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli hiyo, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 azimio hilo lilikuwa limetimizwa. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, iliacha mwaka 2021. Leo sababu hiyo haipo tena, lakini oili na maji bado yapo.

Kifo cha tatu ni cha pigo. Kauri huvunjika sega likigonga jiwe au tuta, au likitumbukizwa ghafla katika maji baridi lingali na joto kali.

KULICHUNGUZA KABLA YA KULIHUKUMU

Hapana budi kutofautisha sega lililoziba na sega lililochoka. Lililoziba huzuia moshi kutoka, na injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuivuta nyingine. Hapo ndipo nguvu hupotea mlimani. Lililochoka linapitisha moshi vizuri ila halisafishi tena. Dereva wake huenda asihisi lolote, isipokuwa pengine taa ya injini kuwaka katika dashibodi. Harufu ya mayai viza hutokana na salfa iliyomo katika petroli, na mara nyingi huonyesha kwamba injini inapata petroli nyingi mno.

Ili kujua kama sega limeziba, fundi hufunga geji ya ombwe katika bomba la kuingizia hewa. Injini ikipandishwa hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kushikiliwa hapo, mshale unatakiwa kutulia. Ukiendelea kushuka polepole, moshi umekwama mahali fulani. Njia nyingine ni kufungua sensa ya mbele na kupima kanieneo ya moshi katika tundu lake. Vilevile sega likiwa limepoa kabisa, huweza kugongwa taratibu kwa nyundo ya mpira. Likitoa sauti ya vipande vinavyocheza, kauri imevunjika. Isisahaulike kwamba sailensa nayo huweza kuziba, na chujio la petroli lililojaa uchafu huleta dalili zinazofanana.

Kupima sega lililochoka ni kugumu zaidi. Magari yenye sensa mbili husaidia. Volteji ya sensa ya mbele hupanda na kushuka haraka, kati ya takriban 0.1 na 0.9, lakini ya nyuma hutulia kama sega linafanya kazi. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, sega limechoka, au bomba linavuja, au sensa yenyewe ni mbovu. Na yote matatu yachunguzwe. Katika magari yenye sensa moja, njia ya kuaminika ni kupima gesi za moshi kwa mashine.

Tahadhari ni muhimu hapa. Injini isiwashwe katika banda lililofungwa. Gari lililoinuliwa kwa jeki liwekewe vigingi imara kabla mtu hajaingia chini. Sega lenye joto huunguza vibaya, na huweza kuwasha majani makavu gari likiegeshwa juu yake. Vumbi la kauri lisivutwe puani.

MATENGENEZO YANAYOFAA

Turudi kwa mwalimu wetu. Geji inaonyesha kwamba njia ya moshi imeziba. Badala ya kuchukua msumeno, fundi mwenye busara hufungua plagi zote nne na kuzipanga mezani kwa utaratibu. Plagi yenye masizi makavu humwambia kwamba petroli ni nyingi. Yenye oili humwambia kwamba ringi za pistoni au sili za valvu zimelika. Na maji ya rejeta yanayopungua bila kuvuja nje humfanya aishuku gasketi. Katika gari hili plagi tatu ni za rangi ya kahawia hafifu, lakini ya tatu kutoka mbele imelowa petroli. Waya wake una ufa, na cheche inarukia chuma cha injini badala ya kufika ndani ya silinda.

Sasa mambo yote yanaeleweka. Robo ya petroli ya mwalimu ilikuwa ikienda kuungua chini ya sakafu yake. Ndiyo maana alihisi joto, na ndiyo maana kauri iliyeyuka. Kama sega lingekatwa tu, gari lingepata nguvu kidogo, lakini waya ule ungeendelea kuimwaga petroli mbichi barabarani. Na kama angenunua sega jipya bila kugusa waya, nalo lingeyeyuka kama la kwanza. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza tafuta kilicholiua, pili kitengeneze, na tatu ndipo ubadilishe sega.

Je, sega laweza kusafishwa? Kama limepakwa masizi tu, masizi hayo huweza kuungua yenyewe injini ikishatengenezwa na gari likaendeshwa safari ndefu yenye joto la kutosha. Lakini kauri iliyoyeyuka hairudii umbo lake, na dawa za chupa haziwezi kuifufua. Anayenunua sega jipya ahakikishe kwamba linalingana na ukubwa wa injini yake, na akumbuke kwamba masega ya bei ya chini kabisa aghalabu hupakwa metali kidogo zaidi, hivyo huchoka mapema. Viungo vya bomba vikazwe visivuje, kwa sababu hewa inayoingia kabla ya sensa huidanganya kompyuta.

JE, TULIKATE?

Tusijifanye kwamba swali hili ni jepesi. Sega jipya ni ghali, na mwenye gari kuukuu mara nyingi hana fedha za ziada. Bomba tupu ni rahisi, na gari huenda. Lakini tuyatazame maji yanakoelekea. Gari lililokatwa sega hurudi kutoa gesi zote tatu jinsi zinavyotoka katika silinda, na mdomo wa bomba la moshi uko karibu zaidi na kimo cha pua ya mtoto kuliko cha mtu mzima. Magari husimama mbele ya shule yakisubiri wanafunzi, husimama vituoni kwenye foleni, husimama karibu na mama anayeuza matunda kutwa nzima. Hao hawakushauriwa kule gereji.

Kama fedha hazipo leo, basi hatua ya kwanza iwe ni kuitengeneza injini, kwani hiyo peke yake hupunguza moshi mchafu na kuokoa petroli. Sega linaweza kufuata baadaye.

Na lile sega bovu ambalo fundi alitaka kulinunua? Metali zake hazikwisha. Zimo ndani bado. Afrika ya Kusini ndiyo inayoongoza duniani kwa kuchimba platinamu na rodiamu, na mwaka 2021 bei ya rodiamu ilizidi dola 20,000 za Marekani kwa aunsi moja. Masega makuukuu hukusanywa na kuyeyushwa ili metali hizo zitumike tena. Mwalimu aulize bei kwa wanunuzi zaidi ya mmoja kabla ya kuliuza, na fedha atakazopata zimsaidie kununua jipya.

JARIBIO LA DARASANI

Wanafunzi wanaweza kukiona kichocheo kikifanya kazi, na pia kikifa, kwa vitu vya bei nafuu. Vaeni miwani ya kukinga macho. Chukueni haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, ambayo huuzwa katika maduka ya dawa kwa kusafishia vidonda, mtie mililita 5 katika kila moja ya neli nne za majaribio. Neli ya kwanza iacheni hivyo hivyo. Katika ya pili tieni kipande cha ini bichi chenye ukubwa wa harage. Katika ya tatu tieni kipande kama hicho kilichokatwakatwa vidogo sana. Katika ya nne tieni kipande kilichochemshwa kwa dakika 10 na kupozwa.

Mtaona mapovu mengi katika neli ya pili, na mengi zaidi katika ya tatu. Kijiti chenye kaa jekundu kikiingizwa mdomoni mwa neli hizo kitawaka, ishara kwamba gesi hiyo ni oksijeni. Katika neli ya kwanza na ya nne hakutaonekana badiliko kubwa. Kichocheo hapa ni kimeng'enya kilichomo katika ini, si metali, na namna kinavyoharibiwa na joto ni tofauti. Hata hivyo mafunzo mawili ni yale yale: uso mkubwa huongeza kasi ya kazi, na joto lililozidi hukiua kichocheo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini sega halisafishi moshi vizuri katika safari fupi za asubuhi?

2. Eleza kwa nini mmenyuko wa pili uliotajwa juu utashindwa kama injini inapata hewa nyingi mno.

3. Kama maabara yenu ina punje za manganizi dioksidi, pakeni moja nta ya mshumaa na nyingine iacheni wazi, kisha zitieni katika haidrojeni peroksidi. Matokeo yanafanana na kifo kipi cha sega?

4. Mwenye gari anasema, "Moshi wangu hauonekani, kwa hiyo hauna madhara." Mjibuni.